Kunguni Chini ya Daraja

Mbayuwayu wa majabali hurudi Nebraska, katikati ya Marekani, kati ya Aprili na Mei, akitoka Argentina na nchi jirani zake. Viota vya mwaka jana bado vimebandikwa chini ya madaraja, na kukarabati kiota cha zamani ni nafuu kuliko kujenga kipya, kwa maana kipya huhitaji madonge ya tope yapatayo elfu moja, yote ya kubebwa kwa mdomo. Hata hivyo ndege huyu hatui upesi. Hupepea mbele ya tundu, akakodoa macho, na mara nyingi huenda zake. Pale mlangoni wamesongamana kunguni wanaomsubiri.

Si kunguni wa vitanda tunaowajua, ila ni wa ukoo mmoja nao. Hawana mabawa. Chakula chao ni damu ya mbayuwayu, na ndege wanapohama wao hubaki ndani ya udongo mkavu, wakavumilia baridi inayogandisha mito. Wanaweza kukaa hadi miaka mitatu bila kunyonya. Kiota kimoja kimewahi kukutwa na kunguni wapatao 2,600, katika chumba ambacho mwenyewe ana uzito wa gramu ishirini na kitu, na makinda wake huanguliwa uchi, bila unyoya hata mmoja.

Haya tunayajua kwa sababu ya watu wawili, Charles Brown na Mary Bomberger Brown, walioanza mwaka 1982 kuwafuatilia ndege hawa karibu na mji wa Ogallala. Waliwavisha pete za miguuni ndege wengi mno, kizazi baada ya kizazi. Jaribio lao lililonivutia kuliko yote lilikuwa rahisi: katika makazi yaliyojaa kunguni, baadhi ya viota walivinyunyizia dawa ya kuua wadudu na vingine wakaviacha. Walipowapima makinda wa siku kumi, waliolelewa katika viota vyenye dawa walikuwa wazito kuliko wenzao kwa gramu 3.4 hivi. Katika makazi makubwa, kunguni walipunguza idadi ya makinda wanaopona kwa hadi asilimia 50. Kwa kiumbe mdogo namna hiyo, gramu tatu ndizo humwamulia kama atafika Argentina au la.

Na kadiri makazi yanavyokuwa makubwa ndivyo kila kiota kinavyopata kunguni wengi zaidi. Mdudu asiyeruka husafiri kwa kung'ang'ania miguu na manyoya ya ndege anayepita akitafuta pa kukaa, na penye viota vingi wapitaji ni wengi. Kwa nini basi ndege hawa wajazane, wakati mwingine viota zaidi ya elfu tatu chini ya daraja moja?

Jibu liko angani. Mbayuwayu hula wadudu wanaoruka, na makundi ya wadudu hao hutokea hapa, yakapotea, yakaibuka kule. Ndege aliyerudi mikono mitupu humwangalia jirani aliyerudi na chakula, kisha humfuata anapotoka tena. Charles Brown alilichapisha hilo mwaka 1986. Baadaye ikaonekana pia kwamba siku za baridi, wadudu wanapoadimika, aliyegundua chakula huweza kuwaita wenzake kwa mlio maalumu. Anayeishi peke yake hana wa kumfuata wala wa kumwita.

Ujirani huo una hila zake. Jike huingia kwa jirani na kutaga yai humo, au hulibeba kwa mdomo yai alilokwisha kutaga kwake akalipeleka huko. Tena hachagui ovyo: nyumba anazozipendelea huelekea kuwa zile zenye kunguni wachache. Kwangu hii ndiyo dalili ya wazi kuliko zote ya jinsi mdudu huyu anavyotawala maisha ya ndege, hata katika udanganyifu wao.

Wapo mbayuwayu wanaopenda umati na wapo wanaopenda jirani wachache. Makinda walipohamishwa wakiwa wadogo, wa makazi makubwa wakalelewa katika madogo na wa madogo katika makubwa, walipokua walielekea kuchagua makazi ya ukubwa ule walikozaliwa, si walikolelewa. Sehemu ya uamuzi huo basi hurithiwa. Umati una faida yake na uchache una yake, ndiyo maana aina zote mbili zimedumu.

Lakini kunguni hawanyonyi tu. Mwaka 1980, huko Oklahoma, walikutwa na virusi vilivyopewa jina la kijito cha hapo, Buggy Creek. Ni vya kundi moja na chikungunya, iliyotambuliwa kusini mwa Tanzania baada ya mlipuko wa mwaka 1952. Chikungunya huenezwa na mbu, na mbu huruka mpaka dirishani kwako. Virusi vya Buggy Creek hutegemea mdudu anayetambaa, kwa hiyo kufika daraja jingine ni mpaka ndege ambebe mdudu huyo. Ramani ya ugonjwa huchorwa na ndege wenyewe, kila wanapoamua wakae wapi na wakae wangapi. Makazi makubwa yana kunguni wengi, na virusi huonekana zaidi huko.

Ajabu ni kwamba mbayuwayu wenyewe hawaviugui sana. Anayekufa ni shomoro wa majumbani, ndege wa Ulaya aliyepelekwa Marekani katika karne ya 19. Shomoro huteka viota vya mbayuwayu, akavijaza nyasi na kulea humo. Makinda wake huambukizwa kwa wingi, virusi huzaana mno katika damu yao, na wengi hufa. Kabla ya kufa wamekwisha kuwaambukiza kunguni wanaowanyonya.

Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi. Mbayuwayu wana kinga ya zamani dhidi ya kunguni: kulihama daraja mwaka mmoja au miwili mpaka wadudu wengi wafe kwa njaa, kisha kurudi. Shomoro hahami. Yupo msimu wa joto, yupo wakati wa theluji, na hulea zaidi ya mara moja kwa mwaka. Penye shomoro, daraja lililohamwa na mbayuwayu bado lina damu ya kunyonywa, na kunguni wenye virusi huvuka majira ya baridi wakiwa hai.