Mali Bila Daftari

Juma lililopita nilikwenda Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, kulichukua gari langu. Nilikuta gereji imefungwa, fundi amehama, na injini imefunguliwa nusu. Mwenye kiwanja, aliyekuwa akidai kodi yake, aliniambia: "Mwalimu, gari hili ni la gereji, halitoki."

Nimefundisha a-unganifu kwa miaka mingi, lakini siku hiyo ilinitoa jasho. "La gereji" lina maana mbili: lililomo gerejini, au linalomilikiwa na gereji. Lugha huzikubali zote mbili. Sheria huchagua moja. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293 ya Sheria za Kenya, hukikinga kitu ambacho mteja amemkabidhi fundi akitengeneze. Deni la fundi si langu.

Hata hivyo, haki huhitaji ushahidi. Nilitoa cheti cha usajili, mzee akalainika, gari likavutwa kwa kamba hadi mjini. Lakini malipo niliyomtangulizia fundi bila stakabadhi, nitayadai kwa hati gani? Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami, mwenye shahada ya uzamifu, nilikuwa sijaandika.