Turbo au Injini Kubwa? Tazama Kwanza Mwinuko

Anayeagiza Toyota Crown ya mwaka 2016 iliyotumika Japani hukutana na chaguo linalozua ubishi: V6 ya cc 2,500 isiyo na turbo, au injini ya silinda nne ya cc 2,000 yenye turbo. Kwenye karatasi za kiwandani ubishi umekwisha: ya kwanza ina nguvu za farasi 203, ya pili 235, na ya pili huanza kuvuta kwa nguvu zake zote za msokoto mapema, kwenye mizunguko 1,650 hivi kwa dakika. Lakini karatasi hizo zinazungumzia hewa ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa kushuka kwa pistoni tu, haipati zaidi ya kile anga linachotoa. Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa, na nguvu za V6 hushuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Farasi 203 hubaki kama 165. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye silinda, ikashindilia hewa ndani na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi Pikes Peak, zaidi ya mita 4,200. Farasi wake 350 walishuka hadi 230 hivi. Ilipofungwa turbo wakarejea wote. Kwa mkazi wa Limuru au Mbeya, basi, pengo la injini hizi ni pana kuliko linavyoandikwa. Kwenye foleni za Dar es Salaam halina pa kuonekana.

Mafundi watasema turbo hufa mapema. Wana hoja, ila muuaji kwa kawaida ni oili. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando wa oili ileile ya injini, jirani na moshi ambao joto lake laweza kuzidi nyuzi 900. Oili iliyochoka, au ya bei poa isiyo ya daraja lililotajwa kwenye kitabu cha gari, huungua, masizi yakaziba njia yake, mhimili ukasagika. V6 husamehe uzembe huo kwa muda mrefu zaidi, ingawa nayo si malaika: hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na hujaa masizi.

Hoja ya petroli naiona nyepesi. Turbo hubana matumizi dereva akienda taratibu. Akikanyaga, injini ndogo hunywa kama kubwa. Ushuru una uzito zaidi, kwani Tanzania hutoza zaidi injini inayozidi cc 2,000, lakini hulipwa mara moja, na turbo moja ya kubadilisha yaweza kuumeza unafuu wote. Kwa hiyo anayeishi nyanda za juu achukue turbo, mradi gari lina rekodi ya kubadilishwa oili kwa wakati. Rekodi isipokuwepo, hata huko juu, V6 iliyopungukiwa pumzi ndiyo ya kununua.