Doa la kwenye picha na chanzo cha kifafa

"Daktari, tatizo si hili doa hapa? Kwa nini msilitoe tu, tukapumzika?" Anayeuliza mara nyingi ni mzazi aliyeshika bahasha kubwa ya picha za ubongo, ambazo amekopa au ameuza mifugo ili zipigwe. Ana haki ya kuuliza. Ila jibu lake ni refu kuliko anavyotarajia, kwa sababu doa linaloonekana kwenye picha na mahali kifafa kinapoanzia si lazima viwe kitu kimoja.

Chukua yale madoa meupe yanayoonekana katika picha za CT za wagonjwa wengi wa huku kwetu, hasa wanaotoka maeneo ambako nguruwe huachwa wazurure. Ni mabaki ya viluwiluwi vya tegu wa nguruwe, vilivyofia ubongoni vikageuka chokaa. Vinaweza kabisa kuleta kifafa. Lakini mtu anaweza kuwa na madoa matatu au manne, na mashambulio yote yakawa yanatoka kwenye moja tu. Au yakatoka kwingine kabisa: kwenye hipokampasi, sehemu ndogo ya kumbukumbu iliyojikunja ndani ya ubongo usawa wa sikio, ambayo kovu lake CT kwa kawaida hailioni. Ukikata doa lisilohusika umemwongezea mgonjwa kovu, na kifafa umekiacha palepale.

Watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa. Walio wengi dawa huwatosha, mradi zipatikane na zimezwe kila siku. Takriban thuluthi moja dawa haziwatoshi. Aliyekwisha kutumia dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa dozi ya kutosha, na bado anaanguka, anahesabiwa kuwa na kifafa sugu, na matumaini ya dawa ya tatu ni madogo. Hapo ndipo upasuaji unapofaa kufikiriwa. Jaribio moja lililofanyika London, ile ya jimbo la Ontario nchini Kanada, na kuchapishwa mwaka 2001, liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 80 ambao kifafa chao kilitoka eneo la usawa wa sikio. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na mashambulio ya kupoteza ufahamu. Kwa waliobaki kwenye dawa pekee walikuwa asilimia 8. Matokeo ya namna hiyo hayapatikani kwa kubahatisha pa kukata.

Ushahidi wa kwanza wa mahali kifafa kinapoanzia hauhitaji mashine. John Hughlings Jackson, daktari Mwingereza wa karne ya 19, aliwatazama wagonjwa kwa makini mpaka akang'amua kwamba shambulio linaloanza kwa kidole gumba kutikisika, likapanda mkononi hadi usoni, linafuata ramani iliyomo ubongoni, upande ulio kinyume na mkono huo. Victor Horsley, daktari wa upasuaji, alipoanza kuwapasua wagonjwa wa kifafa London ya Uingereza mwaka 1886, eksirei ilikuwa bado miaka 9 kugunduliwa. Aliongozwa na makovu ya ajali na mafundisho hayo.

Sisi leo tuna simu mfukoni, na nasema bila kusita kwamba video ya dakika mbili iliyopigwa na ndugu wa mgonjwa inaweza kunifaa kuliko picha ya MRI iliyopigwa ovyo. Mfikirie mama anayechambua mchele. Ghafla anasita, macho yanakodoa, mdomo unatafunatafuna na hamna kitu ndani yake. Mkono wa kushoto unavutavuta upindo wa kanga, wa kulia umekakamaa na vidole vimepinda. Baada ya dakika moja na nusu hivi anafuta pua kwa mkono wa kushoto. Ukimwonyesha kijiko anakitambua, lakini jina lake halimjii. Mkono uliokakamaa unaelekeza upande wa pili wa ubongo, yaani kushoto. Mkono uliofuta pua mara nyingi huwa wa upande uleule wa chanzo. Na kupotewa na maneno, kwa mtu ambaye lugha yake hukaa ubongo wa kushoto kama ilivyo kwa wengi wetu, kunaelekeza huko huko. Yote hayo yanapotea ndugu wakimzunguka na kumbana kwa mikono. Ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza, mlazeni ubavu akianguka, kisha mmoja arekodi uso na mikono yote miwili mpaka aanze kusema.

MRI nayo ina masharti. Kwa kifafa, Shirika la Kimataifa la Kupambana na Kifafa, ILAE, linapendekeza vipande vya unene wa milimita 1 visivyoachana, na vingine vinavyoikata hipokampasi kwa pembe ya mraba. Picha ya vipande vinene inaweza kuiruka kasoro ndogo ya gamba la ubongo aliyozaliwa nayo mtu, na majibu yakaandikwa kwamba ubongo hauna tatizo. Kwa mgonjwa mwenye kifafa sugu, jibu hilo lina maana tu kama tunajua kipimo kilipigwaje.

Halafu kuna umeme wenyewe. Tangu Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliponasa umeme wa ubongo wa binadamu kupitia kichwani mwaka 1924, kipimo cha umeme huo, EEG, kimekuwa jicho letu la kila siku. Kizuizi chake ni fuvu. Mfupa huzuia umeme na kuutawanya, ukafika kwenye ngozi umefifia na kusambaa. Aliyelala ndani usiku akasikia ngoma ya mbali anajua inachezwa, lakini kuitaja nyumba ni kazi nyingine. Tena Hermann von Helmholtz alikwisha kuonyesha mwaka 1853 kwamba vyanzo vingi tofauti ndani ya kitu vinaweza kutoa umeme wa namna moja juu yake. Hesabu peke yake haiwezi kuchagua kilicho cha kweli.

Ndiyo maana kompyuta inayokokotoa chanzo kutokana na EEG hupewa masharti kutoka kwa mgonjwa mwenyewe: umbo la ubongo wake kwa MRI yake, unene wa fuvu lake, na vinasio vingi kichwani, hata 256, badala ya ishirini na kitu. Madaktari wa Geneva, Uswisi, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya wagonjwa 152 waliokwisha kupasuliwa. Kwa vinasio vingi na MRI ya mgonjwa mwenyewe, njia hiyo ilikuwa na usikivu, yaani uwezo wa kukipata chanzo, wa asilimia 84, na umahususi, yaani uwezo wa kutoonyesha pasipo chanzo, wa asilimia 88. Ndugu yake ni MEG, inayopima usumaku badala ya umeme. Usumaku hupita mfupani bila kupotoka, lakini ni hafifu mamia ya mamilioni ya mara kuliko ule wa dunia, hivyo mashine nyingi zake hupozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ndani ya chumba kilichokingwa. Na vyanzo vya kina kirefu, kama hipokampasi, bado huikwepa.

Kuna pia picha za mionzi. PET huangalia sukari: kati ya shambulio na shambulio, eneo lenye kasoro mara nyingi hutumia sukari kidogo kuliko wenzake. SPECT huwinda shambulio lenyewe. Muuguzi hukaa kando ya kitanda na sindano ya dawa ya mionzi, pengine kutwa nzima, akisubiri. Shambulio likianza anaidunga ndani ya sekunde chache. Dawa hukimbilia pale damu ilipojaa na kunasa hapo, kwa hiyo mgonjwa anaweza kutulia kwanza ndipo akapigwa picha. Sindano ikichelewa, picha inaonyesha kifafa kilikofika, na tulikuwa tunatafuta kilikotoka.

Vipimo vyote vikielekeza mahali pamoja, mgonjwa anaweza kwenda chumba cha upasuaji bila kuwekewa nyaya za kunasa umeme ndani ya fuvu. Visipoelewana, nyaya hizo huhitajika, na picha ndizo zinazosema zipitishwe wapi. Sioni ajabu wala aibu katika kutoelewana huko. Hatari ni daktari anayechagua kipimo kinachompendeza na kuvinyamazisha vingine.

Mashine za bei kubwa si sharti la kuanza. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2009 ilieleza upasuaji wa kifafa sugu uliofanyika Uganda, bila MEG wala PET, kwa wagonjwa waliochaguliwa ambao kifafa chao kilitoka usawa wa sikio. Mwaka 2022 ILAE ilipendekeza kwamba kila mgonjwa mwenye kifafa sugu, hadi umri wa miaka 70, apelekwe kuchunguzwa mara tu usugu unapothibitika. Anayepelekwa hajakubali kisu. Wengine hurudi na dawa zilizopangwa upya, na wengine hugundulika kwamba kilichokuwa kikiwaangusha miaka yote hakikuwa kifafa.