Tairi la kila siku au la mwendo kasi: cha kuangalia kabla ya kununua Gatsata

Kando ya barabara inayotoka Nyabugogo kuelekea Gicumbi na mpaka wa Gatuna, eneo la Gatsata limejipatia jina kwa magaraji na maduka yake ya vipuri. Mwenye gari anayefika hapo kutafuta matairi huanza kwa kuuliza jina: Michelin au Bridgestone? Pirelli au Yokohama? Jipya kutoka China, au lililokwisha kutumika Ulaya?

Maswali hayo yana maana, lakini hayatoshi. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa tairi humweleza mnunuzi ni nani aliyelitengeneza. Maandishi madogo yaliyo karibu yake ndiyo yanayoeleza tairi hilo lilitengenezwa kwa kazi gani, lini, na kama linafaa kwa gari litakalolibeba.

Ubavu wa tairi unasema nini?

Chukua mfano wa tairi lenye maandishi 195/65 R15 91H, kipimo kinachotumika kwenye magari mengi madogo. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, yaani takribani milimita 127. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 huonyesha uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, nao ni kilo 615. Herufi H ni kikomo cha mwendo: kilomita 210 kwa saa. Herufi T ni kilomita 190, na V ni kilomita 240.

Vipimo vinavyofaa kwa gari husika, pamoja na kiasi cha upepo kinachotakiwa, kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi la kampuni mashuhuri lisilolingana na vipimo hivyo ni ununuzi mbaya, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kampuni moja, kazi mbalimbali

Kuuliza kama Michelin ni bora kuliko Bridgestone ni kulinganisha familia nzima na familia nyingine. Michelin hutengeneza Primacy kwa safari za kila siku na Pilot Sport kwa magari yenye nguvu. Bridgestone ina Ecopia, inayolenga kupunguza matumizi ya mafuta, na Potenza, ya mwendo kasi. Yokohama ina BluEarth na Advan, na Continental ina EcoContact na SportContact.

Tairi la kila siku hutengenezwa lidumu, lisipige kelele, na lizunguke kwa wepesi ili gari lisile mafuta mengi. Tairi la mwendo kasi kwa kawaida huwa na mpira unaoshika lami zaidi, upana mkubwa na ubavu mfupi, ili gari litii usukani mara moja kwenye kona. Faida hiyo ina gharama yake: mara nyingi tairi hilo huisha mapema na bei yake huwa juu.

Ubavu mfupi ni suala jingine la kupima. Tairi la 225/40 R18 lina kipenyo kinachokaribiana sana na cha 195/65 R15, lakini ubavu wake ni milimita 90 tu. Kwenye lami laini tofauti hiyo hupendeza. Kwenye shimo, au kwenye barabara ya mawe inayopanda kuelekea nyumbani, rimu hukaribia zaidi kugonga, na tairi huweza kupasuka ubavuni. Pasuko la ubavu halizibwi kwa kiraka, tairi hubadilishwa.

Heshima ya mashindano nayo isimpotoshe mnunuzi. Pirelli ndiyo inayotengeneza matairi yote ya Formula One tangu mwaka 2011, na hamu ya mchezo huo iliongezeka hapa nchini baada ya Rwanda kutangaza, mwezi Desemba 2024 jijini Kigali, kwamba inaomba kuandaa mbio hizo. Hata hivyo, tairi la mashindano hutengenezwa kwa umbali mfupi na joto kali. Linalouzwa dukani ni kitu kingine kabisa.

Kigali inahitaji nini?

Barabara kuu nyingi za Rwanda zina alama za kikomo cha kilomita 60 au 80 kwa saa. Tairi la herufi H au T limeshapita mahitaji hayo kwa mbali. Mji wa vilima na misimu miwili ya mvua hudai sifa nyingine: uwezo wa kusimama kwenye lami iliyolowa.

Umoja wa Ulaya huzitaka kampuni kuweka kwenye matairi mapya lebo inayopanga uwezo huo kuanzia A, ulio bora, hadi E. Kwa gari la kawaida linalofunga breki likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, tofauti kati ya daraja la juu na la chini inakadiriwa kufikia mita 18. Huo ni urefu wa magari manne madogo yaliyopangwa kwa mstari, na ndani ya mita hizo anaweza kuwepo mtoto anayevuka barabara. Tairi la kila siku lenye A laweza basi kumfaa dereva wa Kigali kuliko la mwendo kasi lililozeeka.

Mifereji ya tairi hufanya kazi ya kutoa maji. Ikiisha, maji hukosa njia, tairi huelea juu yake na usukani huwa hausikii. Ulaya, kina cha chini kinachoruhusiwa kisheria ni milimita 1.6. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vyenye kimo hicho hicho: uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha.

Hatari ya matairi yaliyotumika

Tairi kutoka Ulaya laweza kuonekana na mifereji mirefu na bado likawa hatari. La kwanza ni umri. Tazama herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2219 ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Huenda zikawa upande mmoja tu, hivyo geuza tairi. Kampuni kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na libadilishwe likifika miaka kumi hata kama halijalika.

La pili ni msimu. Picha ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake huonyesha kuwa tairi limepimwa kwa ajili ya theluji. Lile la baridi kali lina mpira laini unaohitaji hali hiyo. Kwenye joto la Kigali hulika haraka na gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. La tatu ni majeraha: uvimbe, nyufa, na viraka vya ndani visivyoonekana tairi likiwa limefungwa.

Kwa mwenye fedha kidogo

Tairi jipya la bei nafuu, kama yale ya Linglong, Sailun au Triangle kutoka China, mara nyingi ni chaguo la busara kuliko la jina kubwa lisilojulikana historia yake. Masharti ni yale yale: vipimo sahihi, tarehe ya karibuni, na daraja zuri la lami iliyolowa pale lebo inapopatikana.

Anayeweza kununua mawili tu anunue jozi inayofanana na kuifunga nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Matairi ya nyuma yakiteleza, gari huzunguka, na ni madereva wachache wanaoweza kulirudisha. Kisha upepo upimwe angalau mara moja kwa mwezi, matairi yakiwa bado baridi. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na bila hicho hata tairi la bei ghali haliwezi kufanya kazi lililonunuliwa kufanya.