Nguvu Inayoishia Kwenye Wimbi

Karibu kila anayeunda boti ya injini hutafuta umbo litakalopita majini bila kuyasumbua. Maji yaliyosumbuliwa ni petroli iliyopotea. Muundaji wa boti ya kuchezea mawimbi anataka kinyume chake: nyuma ya tezi liinuke wimbi safi, refu, lenye nguvu ya kumsukuma mtu aliyesimama juu ya ubao hata aachie kamba na aendelee kuteleza. Viwanda vikubwa vya boti hizi viko Marekani, kwenye maziwa mengi yasiyo na mawimbi ya bahari: Nautique iko Orlando, Florida, chini ya kampuni ya Correct Craft iliyoanza mwaka 1925; Malibu na MasterCraft ziko Tennessee.

Mwenye boti ya namna hii anapolalamika kwamba haina nguvu, mara nyingi hana shida na mwendo. Wa kuteleza bila kamba huhitaji kilomita 16 hadi 19 kwa saa tu. Anayevutwa kwa kamba na kuruka juu ya mawimbi, kama 32 hadi 37. Injini yoyote ya boti ya siku hizi ingezifikia kasi hizo kama boti ingekuwa tupu. Tatizo ni kwamba haiwi tupu, na kwamba kasi ile ya chini ndiyo kasi ngumu kuliko zote.

Boti ikienda polepole hukaa ndani ya maji na kuyapasua. Ikienda kasi huinuka na kuteleza juu yake. Kati ya hali hizi mbili kuna kipindi kibaya: wimbi linaloanzia omo limekuwa refu kuliko chombo, tezi inazama kwenye bonde la wimbi hilo, omo inanyanyuka, na boti inapanda mteremko iliouumba yenyewe. Kwa kilomita 18 kwa saa wimbi hilo lina urefu wa karibu mita 16, zaidi ya mara mbili ya boti ya mita 7. Boti nyingine hukipita kipindi hiki kwa sekunde chache. Hii hukaa humohumo saa nzima, kwa makusudi, kwa sababu ndipo wimbi kubwa linapozaliwa.

Juu ya hayo huongezwa farumi, yaani uzito wa kuizamisha boti zaidi. Matangi na mifuko ya maji hujazwa kwa pampu, na kila lita 1,000 ni tani moja. Boti kubwa hubeba zaidi ya tani moja ya maji. Wakiongezeka watu kumi na vitu vyao, injini inasukuma mzigo ambao haukuwamo boti ilipopimwa kiwandani. Ndiyo sababu boti iliyokuwa hodari kabla ya kununuliwa mifuko ya ziada hugeuka goigoi baadaye.

Naamini mahali pa kuanzia ni propela, wala si injini, na nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu pesa nyingi hupotea hapa. Propela hutajwa kwa namba mbili za inchi, kwa mfano 14.5 kwa 14.25. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Lakini maji huteleza, na sana. Tuseme injini inazunguka mara 3,300 kwa dakika na giaboksi inapunguza kwa 1.5, propela inazunguka mara 2,200. Hatua ya inchi 14 ingeipa boti kilomita 47 kwa saa. Boti inakwenda 18. Zaidi ya nusu ya kazi ya mapanga imekwenda kwenye kukoroga maji.

Kwa kasi ya namna hii, hatua ndefu haina faida. Ukipunguza hatua kwa inchi moja, injini huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika mkono wa mafuta ukiwa mwisho, na boti hutoka majini upesi zaidi ikiwa na mzigo. Unapoteza kasi ya juu kidogo, kasi ambayo hukuwa unaitumia. Kipimo chake ni rahisi: jaza farumi, pakia watu, sukuma mafuta mpaka mwisho, usome mizunguko. Kitabu cha injini hutaja kiwango ambacho lazima kifikiwe. Ikishindwa kukifikia, hatua ni ndefu mno na injini inakabwa. Ikikipita, ni fupi mno. Kabla ya hapo kagua mapanga yenyewe, kwani panga moja lililopinda kwa kugonga jiwe huiba nguvu na kutikisa shafti.

Mwinuko wa ziwa nao una sehemu yake. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tahoe, kwenye mpaka wa California na Nevada, liko mita 1,897. Kama asilimia 19 ya nguvu iliyoandikwa kwenye injini haiko kule. Ziwa Naivasha liko karibu na mwinuko huohuo, na Ziwa Victoria, mita 1,134, huchukua kama asilimia 11 ya kila injini isiyo na kisukuma hewa, ya mvuvi au ya mtalii. Fundi wa milimani huanza na hatua fupi kuliko fundi wa Florida.

Baada ya propela ndipo tuzungumze injini. Kwa miaka mingi ilikuwa V8 ya lita 5.7 ya General Motors, iliyofanyiwa marekebisho ya majini. Sasa kuna za lita 6.2, na zile zenye supachaja hupita nguvu farasi 500. Supachaja husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, hivyo hurudisha kilichoibwa na mwinuko na kutoa nguvu mapema, kwenye mizunguko ya chini, pale hasa inapohitajika. Gharama yake ni joto, petroli ya daraja la juu na kiu kubwa.

Kinachowaponza wengi ni kudhani V8 ya boti ni V8 ya gari. Gari barabarani hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Boti hii hufanya kazi nzito bila kupumzika. Moshi wake huchanganywa na maji ili bomba lipoe. Ukifunga kamshafti ya gari la mashindano, ambayo huacha valvu za hewa na za moshi zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, injini yaweza kuyavuta maji hayo kurudi ndani ya silinda. Stata na alteneta za gari pia hazifai hata kidogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hutuama kwenye ngama, na cheche moja inatosha kulipua chombo. Vifaa vya boti hufungwa ili cheche isitoke nje, na sheria ya Marekani inalazimisha hivyo.

Vivyo hivyo kifaa cha kusafisha moshi, kilichoanza kuwekwa kwa lazima kote Marekani kwenye injini mpya za aina hii mwaka 2010. Wapo wanaokitoa ili kupata nguvu farasi chache. Mtu anayeteleza yuko mita chache nyuma ya bomba la moshi, na kaboni monoksidi haina harufu. Sioni hoja yoyote inayoweza kutetea ubadilishanaji huo.

Nguvu inayoingia kwenye wimbi hatimaye hufika ufukweni. Mwaka 2022 watafiti wa maabara ya St. Anthony Falls ya Chuo Kikuu cha Minnesota walipendekeza boti zinazotengeneza mawimbi ya kuteleza zikae zaidi ya futi 500, yaani mita 152, kutoka ufukweni na kwenye magati. Mwaka 2024 jimbo la Vermont lilifanya umbali huo kuwa kanuni, na likaongeza kina kisichopungua futi 20 na eneo la wazi la ekari 50 nje ya mstari huo. Maziwa mengi ya jimbo hilo hayana eneo kama hilo. Mwenye boti kwenye ziwa la namna hiyo hana haja ya propela mpya wala supachaja, maana boti yake haina mahali pa kujazia farumi.