Nidhamu na Ukomavu Uwanjani: Mfano wa Ron Artest

Neno nidhamu lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa pia nadhamu, yaani utungo wa kishairi. Dhana ya msingi ni kupanga kwa utaratibu, kama shanga zinavyotungwa uzini. Aghalabu sisi hulitumia kwa maana ya kutii amri tu. Makala haya yanalenga kuonyesha, kwa kumrejelea mchezaji mmoja wa mpira wa vikapu wa Marekani, kwamba nidhamu ya mchezaji ni zaidi ya kuogopa adhabu.

Ron Artest alilelewa Queensbridge, mtaa wa nyumba za umma jijini New York. Mwaka wa 2004 alituzwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya NBA. Hata hivyo, tarehe 19 Novemba mwaka uo huo, timu yake ya Indiana Pacers ilipokuwa ikiongoza Detroit Pistons kwa pointi 97 kwa 82, alimchezea visivyo Ben Wallace, naye Wallace akamsukuma kwa nguvu. Artest hakulipiza, alijitenga, akajilaza juu ya meza iliyokuwa kando ya uwanja. Ndipo shabiki mmoja akamrushia kikombe cha kinywaji. Papo hapo Artest aliparamia jukwaa na kumvaa mtu ambaye hata siye aliyekirusha. Alifungiwa mechi zote zilizosalia za msimu huo, jumla yake 86 pamoja na za mchujo. Kweli, hasira hasara.

Msomaji atatambua kwamba Artest alikuwa ameistahimili chokochoko ya kwanza. Uzi ulikatika kwa ya pili. Adhabu ilimwondoa uwanjani, lakini peke yake haikuweza kumfundisha la kufanya kikombe kingine kikirushwa. Funzo hilo alilitafuta kwa daktari wa maradhi ya akili. Tarehe 17 Juni 2010, Los Angeles Lakers waliwashinda Boston Celtics 83 kwa 79 katika mechi ya saba ya fainali. Artest alifunga pointi 20, zikiwemo tatu za mrusho wa mbali katika dakika za lala salama. Alipohojiwa baada ya mechi, alimshukuru daktari wake hadharani. Baadaye aliitoa pete yake ya ubingwa katika bahati nasibu iliyochangisha zaidi ya dola 500,000 kwa ajili ya afya ya akili. Mwaka wa 2011 ligi ilimpa tuzo ya uraia mwema, naye akabadilisha jina na kuwa Metta World Peace.

Hata hivyo, Aprili 2012 alimpiga James Harden kiwiko cha kichwa, akafungiwa mechi saba. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Je, basi hakukomaa? Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa, maadamu inatofautisha kukomaa na kuiva. Ndizi hukomaa ingali mgombani. Kuiva huja baadaye. Artest wa 2012 aliomba radhi baada ya mechi, na kwa miaka kadhaa alikuwa amekwisha kuutaja udhaifu wake bila kuuficha. Huo ni ukomavu, japo haukuwa umeiva.

Kwa hivyo, makocha na walimu wanaomfungia kijana mechi kadhaa wamefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukaa naye katika siku hizo za adhabu, wamfunze namna ya kuutunga upya uzi uliokatika.