Kivu: Soko likiwa mbali, mkulima ndiye analipa

Mkulima mdogo wa Kivu hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ana siku ya soko. Siku hiyo ndiyo inamletea franga za masomo ya watoto, dawa, chumvi, mafuta na sabuni. Soko lisipofanyika juma moja, iwe ni sababu ya mvua ao ya risasi, nyumba nzima inasikia.

Katika milima ya Masisi, Kalehe, Kabare na Lubero, masoko ya vijiji yanapokezana siku. Wanunuzi wanatoka soko moja kwenda lingine, na wakulima wanajua siku gani magari yatafika kwao. Akina mama wanashuka na mizigo mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Vijana wanasukuma chukudu zenye magunia ya viazi na makala. Kando ya ziwa Kivu, mitumbwi na boti za Idjwi, Kalehe na Minova zinaleta muhogo, ndizi, mananasi na avoka hadi soko la Kituku, mjini Goma.

Nani anapanga bei?

Mara nyingi si mkulima. Mwenye gari ndiye anajua bei ya Goma, Bukavu ao Butembo, na anajua pia kwamba mama aliyetembea saa tatu na mzigo wa nyanya hatarudi nao nyumbani. Nyanya na lengalenga hazingojei. Jua likianza kushuka, bei nayo inashuka.

Kipimo pia kina maneno yake. Mjini Goma maharagi yanapimwa kwa gigozi, yaani kopo la maziwa ya mtoto. Bukavu watu wanasema murongo. Kopo ni lile lile, lakini mkulima akiuza anaombwa kujaza mpaka juu kuwe kama kilima, na siku anaponunua anapimiwa sawa na mdomo wa kopo. Tofauti hiyo ndogo, ikirudiwa gunia baada ya gunia, ni faida ya mtu mmoja na hasara ya mwingine.

Ndiyo maana wakulima wengi wanashikilia muhogo. Muhogo unaweza kubaki ardhini miezi mingi baada ya kukomaa, ukangolewa siku mtoto anapougua ao shule inapodai. Ni akiba ambayo haitaki benki. Maharagi hayana subira hiyo. Yakivunwa mwezi wa kwanza ao wa sita, wadudu wanaanza kuyashambulia, na wadeni wanabisha mlango. Mkulima anauza haraka, wakati kila mtu anauza, kwa bei ya chini. Mwezi wa tisa, msimu wa kupanda ukifika, anarudi sokoni kununua maharagi kwa bei ya juu, pengine yale yaliyotoka katika kijiji chake mwenyewe.

Soko ni ghala la mbegu

Watu wengi wa mjini wanafikiri soko ni mahali pa kuuza chakula tu. Kwa mkulima, ni pia mahali pa kupata mbegu. Uchunguzi wa McGuire na Sperling, uliotolewa mwaka 2016 baada ya kuuliza wakulima wa nchi sita, Kongo ikiwa ndani, ulionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya mbegu zao hazitoki kwenye makampuni wala kwa serikali. Zaidi kidogo ya nusu ya mbegu zote ilitoka kwenye masoko ya karibu.

Mama anayeuza maharagi huko kijijini anajua yapi yanafaa mlimani, yapi yanapanda juu ya miti na yapi yanaiva mbele. Wateja wake wanamrudia kwa sababu ya maarifa hayo. Kwa hiyo vita vinapofunga soko, si chakula cha leo tu kinachokosekana. Ni mavuno ya msimu unaokuja.

Barabara, vizuizi na ziwa

Kati ya shamba na soko kubwa kuna njia, na njia inakula. Mwaka 2017, shirika la utafiti IPIS lilihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Wengine wanaoviweka ni askari, wengine ni makundi yenye silaha, wengine ni watumishi wa utawala wa mahali. Mwenye kupita analipa, halafu mnunuzi anatoa malipo hayo kwenye bei anayompa mkulima, ao anayaongeza kwenye bei ya mama anayenunua mjini. Mwenye shamba na mwenye sufuria, wote wawili wanachangia kizuizi ambacho pengine hawajawahi kukiona.

Mwezi wa pili 2024, mapigano karibu na Sake, kilomita kama 25 kutoka Goma, yalikata barabara inayoelekea Minova. Mjini Goma bei ya vyakula ilipanda, wakati upande wa pili mazao yalikosa mnunuzi. Ziwa likabaki njia ya wengi. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka huo, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Kwa wakaaji wa huko, kwenda sokoni kulikuwa kumegeuka hatari ya kifo.

Tangu Goma kuingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, benki zilifungwa na noti zikawa haba. Noti iliyochakaa inakataliwa, chenji inakosekana, na mkulima ambaye hana simu ya kupokelea pesa anabaki na mzigo wake.

Kahawa ilionyesha njia

Hatari hii ya ziwa si mpya. Wakati wa vita vya miaka ya 1990 na baadaye, wakulima wa kahawa wa Kalehe na Idjwi hawakuwa na mnunuzi karibu. Walivusha magunia usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, na wengi walizama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa upande wa Minova walianzisha koperative ya Sopacdi. Kahawa ikaoshwa na kupimwa huko huko, ikauzwa kwa pamoja kwa wanunuzi wa nje. Ziwa halikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba soko lilisogea karibu na shamba.

Maharagi na viazi si kahawa, maana hakuna mnunuzi wa Ulaya anayeyangojea. Hata hivyo fundisho ni lile lile, na sehemu yake haidai mamilioni. Ghala la kijiji lenye magunia yanayofungwa vizuri linawezesha familia kungoja miezi mitatu kabla ya kuuza. Kikundi cha akiba na mikopo, ao likelemba ya akina mama, kinaweza kulipa deni la shule ili maharagi yasiuzwe siku ya mavuno. Wakulima kumi wakiuza pamoja, kwa kilo badala ya kopo, mwenye gari analazimika kuzungumza nao. Salongo inaweza kuziba mashimo ya njia ya kijiji.

Kuondoa vizuizi na kurudisha usalama ni kazi nyingine, na haiko mikononi mwa mkulima. Wale wanaoshika silaha na wale wanaotawala ndio wanaodaiwa jibu hilo. Wakati huu wanapongojewa, mama wa Kalehe anaendelea kufunga mzigo wake usiku. Kama hakufika sokoni, wa mjini naye hatapika.